Sarafu Tuliyomzika Nayo Mama

Siku tulipoitoa mifupa ya mama kaburini, baba hakulia. Alichungulia mdomoni mwa fuvu.

Mimi nilikuwa pembeni, brashi mkononi, jasho linanitiririka. Nilijua anatafuta nini.

Kwetu Pomuch, mji wa Wamaya huko Meksiko, maiti akitimiza miaka mitatu tunamtoa, tunamsafisha mfupa kwa mfupa, tunamlaza kwenye sanduku lenye kitambaa kilichodariziwa. Hilo halikwepeki.

Mama alipofariki, baba alimtia mdomoni sarafu ya dhahabu yenye sura ya mungu wa mahindi. Wamaya wa kale waliwatia wafu wao punje za mahindi na jiwe la kijani, naye akasema mkewe hatakwenda na pungufu ya hapo. Alirina asali miaka kumi na moja ndipo akaipata.

Ila jamani, sarafu iliyoingia mdomoni haikuwa dhahabu.

Nilishaibadilisha asubuhi ile ile ya msiba. Ya kweli niliiuza, nikajenga tanuri la mkate. Mama akapewa ya shaba yenye sura ile ile, iliyopakwa rangi ya dhahabu, zile wanazouziwa watalii. Na shaba ikikaa ardhini huota ukijani, dhahabu haioti; siku ya kumtoa ningeumbuka. Miaka mitatu nilikula bila kusikia ladha.

Kumbe mdomo ulikuwa mtupu.

Dada yangu Nidia akaangua kilio. Akakiri kwamba aliichomoa kabla jeneza halijafungwa, akaipeleka kwa sonara mjini, sonara akamcheka.

"Ilikuwa shaba, baba. Walikupiga. Nikaona bora ninyamaze, usije ukaumia."

Baba hakumgombeza. Aliliweka fuvu mapajani, akalifuta vumbi polepole.

"Nisamehe, Eulalia," akasema. "Nimekutambia dhahabu miaka yote hii, kumbe nilikupa takataka."

Kisha akanigeukia.

"Wilberth, na wewe ulijua?"

"Sikujua, baba."

Nilisema hivyo nikimtazama usoni. Nidia aliomba msamaha, akasamehewa siku hiyo hiyo. Mimi nilirudi zangu kuoka mkate.

Baba hakuitaja tena ile sarafu. Alikufa akiamini alimdanganya mkewe.

Mwaka huu miaka yake mitatu imetimia. Jana nilimsafisha mwenyewe, peke yangu, na nikamweleza yote, tangu ile asubuhi ya msiba hadi tanuri. Nililia mpaka kitambaa kikalowa.

Kisha nikamlaza kwenye sanduku lake.

Ndugu zangu, kama kuna jambo unapaswa kumwambia mzazi wako, mwambie angali na masikio.