Harufu Waliyomsingizia Ng'onda Wangu

Binti yangu alipojifungua niliitwa kutoka Mombasa nije kumlea mzazi na mtoto, hapa Sanyuanli, mtaa wa Guangzhou, ghorofa ya sita. Nilikuja na ng'onda wangu begini, samaki nimemkausha kwa mkono wangu. Sikuomba ruhusa ya mtu.

Baridi ya Guangzhou haina adabu, inakufuata mpaka kitandani. Mkwe wangu, ambaye hununua vifaa vya umeme huku na kuvipeleka Kenya, akaniletea hita chumbani nilipolala na mtoto. Siku ya tatu chumba kikanuka samaki.

"Mama, ni ng'onda wako," binti akasema, kajiziba pua na kanga.

"Ng'onda yuko jikoni, nimemfunga mara tatu."

"Basi ni nguo zako, mama," mkwe akadakia, kwa upole ule wa kuudhi. "Mtoto alale kwetu mpaka harufu iishe."

Akabeba kitanda cha mtoto akaenda nacho. Mjukuu wangu! Mimi niliyeuza samaki sokoni nikasomesha watoto wanne, nihukumiwe na pua ya mtu anayekula kuku wa friza?

Sikulia. Ng'onda nilimning'iniza nje ya dirisha, nguo nikafua zote. Harufu iko palepale. Ndipo nikaanza kuichunguza. Asubuhi hita imezimwa, hakuna kitu. Iwashwe nusu saa, hiyo imekuja. Na samaki hasa haikuwa: ng'onda hunata mkononi, hii ilikwaruza koo.

Nikapiga magoti nikanusa hita. Safi. Nikaufuata waya, nikanusa kama paka, mpaka nyuma ya maboksi ya mkwe ya sampuli za biashara. Kumbe hita yenyewe ilikuwa sampuli ya kupeleka soko la kwetu Kenya, plagi ya miguu mitatu minene, haiingii kwenye soketi za huku. Mkwe kaichomeka kwa adapta nyepesi, na adapta imegeuka kahawia, imelegea kama nta.

Nikazima, nikaita: "Njooni! Na pua zenu mje nazo."

Mkwe akainama, akanusa, akaruka nyuma. "Mama, hii inaungua! Plastiki ya umeme ikiungua hunuka kama samaki!"

"Ehe. Na ng'onda yuko wapi hapo?"

"Hayupo, mama."

"Sema kwa sauti, mkeo asikie."

"Mama, usinichekeshe, nina mshono!" binti akalia, kashika tumbo.

Mkwe akaanza maneno ya fundi na hita nyingine. Nikamkata: kitanda cha mtoto kirudi kwangu kwanza.

"Na baridi je, mama?"

"Nitamkumbatia. Mimi situmii plagi."

Akakiburuta kitanda, kikakwama mlangoni. Sikumsaidia. Nilisimama na mjukuu wangu begani, nikimwelekeza: "Inua kushoto. Kushoto, mwanangu, hujui kushoto?"