Sukari ya Pole

Mimi darasa la tatu ndiyo mwisho wangu, na sioni haya kusema. Nyumba hii ya mawe hapa Mwabungo nimeijenga kwa nazi. Nazinunua mashambani, nazifua kuondoa maganda, nawauzia wapishi wa hoteli za Diani. Nazi hizo ndizo zilizompeleka binti yangu chuo kikuu kusoma uchumi. Uchumi wenyewe sikuujua ni kitu gani. Nilijua tu kwamba aliyeusoma huketi ofisini, mikono mikavu.

Hiyo mikono mikavu ndiyo niliyoitaka. Mama yangu alikuwa mponda makumbi. Aliyafukia maganda ya nazi kwenye matope ya pwani, akayawekea mawe juu yasichukuliwe na maji, na baada ya miezi akayafukua na kuyaponda kwa rungu mpaka zitoke nyuzi za kusokotea kamba. Uvundo wake ulimfuata hata harusini. Niliapa mtoto wangu hataujua.

Basi binti akamaliza masomo, akarudi nyumbani, na hata uchovu wa safari haujamtoka akaniomba makumbi yangu. Mimi huyachoma.

"Unayatakia nini?"

"Kuyafukia, mama. Nifungue biashara ya kamba."

Nilidhani ananitania. Akaniambia chuoni aligundua kwamba kamba za makumbi tunaletewa kwa meli kutoka nchi za mbali, na hoteli zetu hizi hizi ndizo wanunuzi.

"Mwalimu wetu alikuwa akisema gharama ya kitu ni kile unachokikosa kwa ajili yake. Wewe ukichoma makumbi, mama, unachoma kamba."

"Na mwalimu huyo amewahi kuyanusa?"

"Hajawahi. Ndiyo maana yeye anafundisha na mimi nitauza."

Nilimpa makumbi. Radhi zangu sikumpa, naye alijua. Asubuhi alikuwa akiaga na kungoja kidogo mlangoni, nami nikajifanya nimeshughulika na nazi.

Ijumaa moja baada ya swala wakaja majirani zangu, wanawake wenzangu, wamejitanda kanga. Wakakaa mkekani bila maneno mengi. Katikati wakaweka sukari na unga.

"Pole, shoga," akasema mkubwa wao. "Mola atakupa subira."

"Nani amekufa?"

Wakatazamana.

"Hakuna aliyekufa. Ni huyu mtoto. Kufukuzwa chuo si jambo dogo."

"Nani kawaambia kafukuzwa?"

"Hakuna aliyetuambia. Tumemwona matopeni."

Ningeweza kucheka. Lakini niliitazama ile sukari nikaona imekuja mahali pake, maana na mimi nilikuwa nimekaa matanga yangu peke yangu tangu siku aliponiomba makumbi.

Hapo binti yangu akaingia kwa mlango wa uani, matope mpaka magotini, uvundo umemtangulia.

"Shikamooni."

"Marahaba," wakaitikia, mmoja kajiziba pua kwa pindo la kanga. Binti akaiona sukari. Ni mtoto wa hapa, hahitaji kuelezwa. Akanitazama mimi, akangoja, kama anavyongoja mlangoni asubuhi.

Na uvundo ule ukanifikia. Mama yangu alikuwa akiingia hivyo hivyo, nami nikimkimbilia kumkumbatia mguu kabla hajanawa. Hilo nilikuwa nimelisahau: kabla sijauchukia uvundo ule, niliukimbilia.

"Hajafukuzwa," nikawaambia. "Amemaliza, na cheti chake kimo kabatini. Huko matopeni ndiko elimu yake ilikomfikisha. Na nyinyi msichome tena makumbi, mleteeni."

"Atayanunua?" akauliza yule mkubwa, upesi mno kwa mtu aliyekuja msibani.

"Nitayanunua, shangazi," binti akasema. "Lakini msiniuzie kwa bei ya msiba."

Wakacheka, na mwenye kujiziba pua akaachia pindo. Nikabandika chai, nikaitia sukari yao, tukainywa wote.

Walipoondoka nilimkalisha binti kwenye kibao cha uani, nikamwosha miguu mwenyewe. Matope ya pwani hayatoki kwa haraka, yanataka kusuguliwa.

"Radhi zangu unazo," nikasema, nimeinamia kisigino chake asinione uso.

Akaninyoshea mguu wa pili.

"Ahsante, mama," akasema. "Sasa punguza kusugua. Ngozi hiyo naihitaji kesho."