Godoro Sakafuni

Juzi nilipita msibani, nikaona godoro likiburutwa sebuleni, nikajikuta kimawazo nimerudi utotoni Kolwezi, kule Kongo, kwenye nyumba ya kontena tuliyopewa na kampuni ya mgodi aliyofanyia kazi baba. Wakati ule wa korona mpaka ulifungwa, nasi hatukuweza kurudi kwetu Mbeya.

Mchana mmoja baba alipokea simu kutoka Mbeya, kisha akatoa vitanda nje. Mama akatandika magodoro sakafuni palipokuwa bado pananuka klorini. Nikarukaruka juu yake kwa furaha. Nilichojua ni kwamba nyumbani godoro likishuka chini, wageni wanajaa na pilau inapikwa.

Jirani yetu, Mama Ngalula, akaja na sufuria ya bukari, ugali wa kule. Mlinzi akamzuia getini.

“Tata, beko na kilio. Wacha nilie nabo,” akamsihi, yaani tuna msiba, amwache alie nasi.

“Bamekataza batu kukusanyana, mama. Ni juu ya corona.”

Mama Ngalula akalia hukohuko nje ya uzio wa waya. Bibi, mama yake baba, alikuwa anazikwa Mbeya saa ileile, na mimi bado nasubiri wageni.

Jioni geti likafunguliwa. Nikapiga kelele, “Wamefika!”

Lilikuwa basi la zamu, wanaume wamebanana hadi mlangoni, limekuja kumchukua baba aende mgodini.