Karatasi Tatu Zisizo na Namba

Kila asubuhi, kabla hajagusa karatasi yoyote, mama yangu mdogo alinawa mikono mara mbili, akaikausha kwa kitambaa cheupe, kisha akavinusa vidole. Vikinuka kitu, hata sabuni, alirudi bombani. Wenzake pale kwenye hifadhi ya nyaraka wakambandika jina.

"Bi Mikono, leo huolewi, punguza kujisugua!"

Alicheka tu. Miaka kumi na tisa alikuwa akinawa hivyo, na hakuna karatasi iliyowahi kuharibika mkononi mwake.

Halafu familia ya mtunzi mmoja maarufu, aliyekuwa amefariki, ikaleta sanduku la bati. Ndani kulikuwa na barua, picha, na karatasi arobaini za nota za utunzi wake wa mwisho, ambao haujawahi kuimbwa. Kila karatasi ilikuwa na namba ndogo ya penseli kwenye kona. Ya juu kabisa ilikuwa kumi na saba, iliyofuata tatu. Mama mdogo akadhani ni alama tu za karani fulani. Alizoea kufuta namba za namna hiyo kabla ya kuandika za hifadhi, ila huzinakili kwanza daftarini. Siku hiyo hakunakili. Alichukua raba laini akafuta zote, akapuliza vumbi, akaandika zake kwa kufuata zilivyotoka sandukuni.

Jumatatu akaja mjane wa mtunzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeziona namba za mzee? Alizipanga mwenyewe kitandani, penseli inamponyoka. Akaniambia, mke wangu, wasije wakaimba mwisho wangu mwanzoni. Alhamisi nakuja na mwalimu wa kwaya azinakili."

"Karibu Alhamisi, mama," ndilo pekee lililomtoka mama mdogo.

Alikwenda kumweleza mkuu wa hifadhi, mwanamume wa kutembea na funguo mkononi hata pasipo na mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi hakuna kilichotokea."

Lakini kwa mama mdogo kilikuwa kimetokea. Alifunga mapazia, akalaza taa mezani ili mwanga upite ubavuni mwa karatasi. Raba ilikuwa imeondoa weusi wa penseli, si bonde lililochimbwa na ncha yake. Aliinamisha kichwa mpaka shavu likagusa meza. Saba. Ishirini na mbili. Nyingine zilimchukua saa nzima, na nyumbani alifika na macho mekundu kama aliyekatakata vitunguu.

Alhamisi asubuhi alikuwa amepata thelathini na saba. Tatu zilikataa kabisa. Huenda mzee alikuwa amechoka, mkono haukukandamiza. Namba zilizobaki zilikuwa nane, ishirini na tisa, na arobaini. Yaani mwisho wenyewe ulikuwa kati ya zile tatu, na nota za zote ziliishia kwa sauti ileile, hivyo hata muziki haukuonyesha ni ipi.

"Weka namba yoyote tu," mkuu alisema. "Nani atamuuliza marehemu?"

"Kufuta nilifuta bila kujua. Hili nitakuwa najua."

"Sikiliza, Bi Mikono. Ukifungua mdomo mbele ya yule mama, kesho usinionyeshe sura yako hapa."

Mjane aliingia na mwalimu wa kwaya. Mkuu akatabasamu meno yote. "Kila kitu kiko sawa, mama."

"Hakiko sawa," mama mdogo alisema. Akaeleza yote, raba, daftari, taa. Akamwekea zile tatu mbele yake.

Mjane akazigusa kona, moja baada ya nyingine.

"Arobaini imo humu?"

"Imo, mama. Sijui ni ipi."

"Leo siwezi kukusamehe."

"Sijaomba, mama."

Mama mdogo akafungua daftari, akaandika alichofuta, alichopata na asichopata, akatia sahihi. Kona za zile tatu akaziacha tupu. Akachukua mkoba wake, kitambaa cheupe akakiacha kwenye msumari.

"Anakwenda kunawa," mwenzake alinong'ona.

Akalipita bomba. Akaendelea, funguo za mkuu zikilia nyuma yake, akafungua mlango wa mbele, akashika njia ya nyumbani. Hakurudi tena pale.