Nilimwambia Kumari Asubiri Idi Ipite

Msinihurumie. Nimekosa, na aliyelipia kosa langu ni mwenzangu.

Mimi ni wa Mombasa. Nilifanya kazi za ndani Riyadh, nyumba moja na Kumari, mama wa watoto wawili kutoka Sri Lanka. Kiarabu chake kilikuwa cha kuokoteza, changu cha madrasa kilinyooka kidogo. Akitaka kitu kwa madam, mdomo wake ulikuwa mimi.

Siku moja tukifua, alifungua vifungo vya blauzi, akaushika mkono wangu na kuugusisha kwenye titi lake. Kulikuwa na uvimbe mgumu kama kokwa ya tende.

"Sista, mwambie madam."

Sikumwambia. Ramadhani ilikuwa mlangoni, na ya mwaka uliotangulia niliikabili peke yangu: futari ya ukoo mzima, sambusa zisizokwisha, vyombo mpaka daku. Nilijua kwamba mfanyakazi akiugua dawa yake ni tikiti ya ndege. Kumari akienda, jiko lote langu.

Nikamwambia, "Ukisema utarudishwa kwenu mikono mitupu. Subiri Idi ipite."

Akanishukuru, maskini. Nikawa namkanda kwa mafuta ya habasoda.

Madam alipomwona hainui mkono, aliniuliza, "Ana nini huyu?"

"Mgongo tu, madam. Mafi mushkila, hakuna tatizo."

Ramadhani hiyohiyo, mama yake madam naye akagusa uvimbe kwenye titi lake mwenyewe. Kesho yake tukawa hospitali, mimi nikimbebea mkoba. Daktari, mwanamke mpole, alimpima, akampangia upasuaji, kisha akanigeukia. "Na nyinyi wasichana, mnajichunguza?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nafasi ya kumtaja Kumari ndiyo ile, nami nikatazama viatu vyangu.

Idi ilipopita, titi la Kumari lilikuwa limepasuka. Madam alifoka, "Mbona hamkusema?" Akampeleka zahanati, wakamfunga bendeji na kumpa vidonge vya maumivu. Halas, basi, kafili, yaani mwajiri aliyetudhamini, akamkatia tikiti ya kurudi kwao. Kumari alinikumbatia pale mlangoni, akaniita dada yake. Alidhani nilimlindia kazi.

Binti yake ndiye aliyenipigia kuniambia mama amefariki. Akaniuliza alianza kuumwa lini. Nikasema sijui.

Bibi yule, mama yake madam, alipona. Nilipoondoka alikuwa bado analalamikia chumvi yangu.

Dada uliyeko Riyadh au Jeddah, mwenzako akikuonyesha uvimbe, sema siku hiyohiyo. Usimpigie hesabu ya Ramadhani wala ya wageni. Usijiambie unamsitiri, kama nilivyojiambia mimi huku nikijua ninachokwepa ni masufuria.

Watu hunifariji kwamba hata ningesema, madam angempakia ndege vilevile. Huenda. Wakubwa wale nawajua. Lakini Kumari angefika kwao na uvimbe wa kutibika. Mimi nilimpeleka na kidonda.