Siku Eleuterio Alipokufa Chali

Mwanangu Eleuterio aliuawa mara thelathini na nne katika filamu za farasi na bastola, na mara zote isipokuwa moja alianguka kifudifudi. Ndivyo walivyotaka. Maiti ikishaonekana uso, hawawezi kuivalisha kofia nyingine kesho na kuiua tena.

Alianza mwaka 1946, aliporudi kutoka vitani. Baba yake alimtafutia nafasi kwenye kiwanda cha matofali, akaikataa. "Mimi ni mwigizaji, Mama." Nami kila alipokwenda kupanda farasi nilimwashia mshumaa.

Jumamosi moja nilikwenda sinema ya mtaani kwetu, Boyle Heights, na jirani yangu Hortensia.

"Yule pale!" nilimwambia. "Namjua kwa kisogo."

"Shoga, huyo mwanao ana uso kweli, au ulimzaa nusu?"

Nilicheka naye, ila maneno yale yalinichoma.

Mwaka 1953 nilimpelekea tamale, vitonge vya mahindi vyenye nyama, kwenye bonde walikokuwa wakipiga filamu, nikasimama nyuma ya kamba. Jua lilikuwa linakaribia kuzama. Mwongozaji, Bwana Lindqvist, alipaza sauti: "Wewe, Joe! Uso chini. Kesho nina kazi nawe."

"Naitwa Eleuterio."

"Hata ukiitwa Baba Mtakatifu, uso chini!"

Farasi wakaja mbio, bunduki ikalia. Mwanangu akaachia hatamu, akabingirika mara mbili, akalala chali, macho wazi, uso mzima kwenye mwanga. Nilifanya ishara ya msalaba nikidhani amevunjika mgongo. Hata kope hakupepesa.

"Una wazimu? Nimekwambia nini?" Bwana Lindqvist alitazama jua. Muda wa kurudia haukuwepo.

Eleuterio akainuka, akajipangusa vumbi. "Mmeniua mara thelathini na tatu, bosi. Leo nimekufa kweli. Kesho tafuteni mwingine."

"Potea! Usikanyage tena hapa."

Aliiacha kofia yao mchangani.

Njiani nilimgombeza. "Sasa utakula nini, baba?"

"Tamale zako," alisema, mdomo umejaa.

Filamu ilifika mtaani majira ya kuchipua, nikaenda tena na Hortensia. Uso wa mwanangu ukajaa ukuta mzima, na kovu lake la kidevuni, kwa muda wa pumzi mbili. Nikasimama.

"Kaa, mama, unatuziba!" alisema mtu nyuma yangu.

"Sikai! Yule ni mwanangu. Anaitwa Eleuterio Barragán!"

Wakapiga miluzi. Nilipogeuka, Hortensia naye alikuwa amesimama, kamvua mtu wa mbele yetu kofia ili auone vizuri uso ule.