Timu ya Kaka Abdalla

Mimi ni nani hata nibishane na gazeti? Swali hilo lilininyima usingizi tangu ukurasa wa timu bora za mpira wa Kimarekani katika historia ya shule za sekondari za Washington ulipobandikwa kazini kwetu, nami nisiione timu ya kaka Abdalla.

Nilikuwa mdogo mchana ule mama aliponipeleka kumtazama akicheza. Nyasi zilinukia mvua, na helmeti ziligongana kama sufuria. Kila wachezaji walipokusanyika na kuinamisha vichwa, nilidhani wanaomba dua, nikainua viganja na kuitikia, "Amina." Mama naye aliitikia. Siku hizi najua walikuwa wakipanga tu namna ya kushambulia.

Walishindwa.

"Pole, mwanangu," mama alimwambia kaka.

"Pole ya nini, mama? Wenzetu walibadilisha wachezaji, wengine wa kushambulia, wengine wa kuzuia; sisi tulikuwa hawa hawa mwanzo hadi mwisho. Umemwona aliyetoka uwanjani?"

Hakuna aliyetoka.

Leo asubuhi nilichukua kalamu nene, nikaandika jina la shule yao juu kabisa ya ukurasa ule, wenzangu wakitazama.

"Hao walichukua kombe gani?" mmoja aliuliza.

"Hawakuchukua," nilimjibu, nikafunika kalamu.